Leva za Bi Oleta

Mimi ni fundi wa matrekta, na kama mafundi wengi nina ugonjwa wa kutopenda kuulizwaulizwa. Ukiniletea mashine nikakuambia imepona, ujue imepona, chukua uende zako. Nimeishi hivyo miaka ishirini na saba katika karakana moja ya kando ya barabara, huku kwetu mashariki ya Kentucky. Mgongo wangu umekwisha, magoti yamekwisha, na mwaka huu hata ule ubishi wangu umekwisha. Aliyeumaliza ni Bi Oleta Ratliff wa bonde la Caney.

Bi Oleta ni mjane wa miaka sabini na moja, mfupi, mkimya, kichwani kofia ya marehemu mumewe iliyopauka mpaka huwezi kujua ilikuwa rangi gani. Ana trekta ndogo nyekundu. Mbele ina sepetu ya kuzolea udongo, nyuma ina mkono wa kuchimbia. Bonde la Caney ni jembamba, njia zake za kupanda kilimani hazipitishi mashine kubwa, kwa hiyo bomba lako la maji likipasuka unamwita Bi Oleta. Maji ya mvua yakiingia chini ya nyumba yako, unamwita Bi Oleta. Na mtu wenu akifa mkataka kumzika juu kwenye makaburi ya ukoo, ni yeye atakayepanda na trekta yake asubuhi, achimbe, ateremke kabla hamjafika. Kwa kaburi hapokei kitu. Ukimshukuru anageukia pembeni, kana kwamba umemtania.

Hata la mumewe alilichimba yeye. Delmar Ratliff alikuwa dereva wa mashine kubwa kwenye machimbo ya makaa ya mawe, miaka thelathini juu ya kiti kimoja, na alipostaafu alitoka na vitu viwili: ile trekta, aliyoinunua, na vumbi la makaa kifuani, alilopewa bure. Alipofika mahali hawezi tena kupanda kwenye kiti, alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa kando ya shimo, mtungi wa hewa pembeni, mipira miwili puani, akamfundisha mkewe. Bi Oleta alikuwa na miaka hamsini na tisa wakati huo, na hajawahi kuendesha kitu zaidi ya pikapu yao.

"Leva usiisukume, Oleta," alikuwa akimwambia. "Iguse tu, halafu ngoja oili iitike."

Waliopita njiani enzi hizo waliwakuta hivyo kila siku, mmoja anachimba, mwingine anakohoa na kukosoa. Miaka miwili baadaye Delmar akafa. Wanaojua kazi waliokwenda mazikoni waliniambia kuta za lile kaburi zilikuwa zimenyooka kama za kukatwa kwa kisu.

Kwa hiyo Bi Oleta hakujifunza mashine kwa kitabu. Ukimuuliza leva ipi inafanya nini, hawezi kukujibu mpaka ainue mikono hewani na kuivuta kama ameshika kitu, ndipo na yeye ajue. Ujuzi wote ulikuwa mikononi. Kichwani hakuwa na habari nao.

Vuli iliyopita mkono wa trekta ulianza kushtuka. Anagusa leva, hakuna kitu. Anagusa tena, hakuna. Anaongeza kidogo, mkono unaruka kama mtu aliyekalia msumari. Siku moja akichimba nyuma ya kanisa, kijiko cha kuchimbia kikaruka na kukata waya wa simu. Watu wa Caney hawana dogo, waliligeuza mzaha.

"Bi Oleta, Mungu akubariki," mzee mmoja alimwambia mlangoni pa kanisa. "Mwezi mzima mchungaji hajanipigia kuniuliza Jumapili nilikuwa wapi."

Walicheka wote, naye akacheka. Lakini habari ilimfikia mwanawe, Garland, anayefanya kazi kwenye ghala huko Ohio, na Garland hakucheka. Sitaki mtu amwone Garland mbaya. Aliyakumbuka yaliyompata bibi yake. Mama yake Bi Oleta aliishia katika nyumba ile ile ya bintiye akiwa amepotewa na akili. Aliosha vyombo kwenye unga, alitoka nje bila viatu kwenye theluji, alimuuliza binti yake jina lake asubuhi, akamuuliza tena jioni. Bi Oleta alimuuguza miaka sita. Basi mwana akisikia mama yake amefika sabini na kitu na mikono imeanza kukosea, unategemea awaze nini?

Alikuja mwezi wa tatu, wakaketi jikoni.

"Mama, tukubaliane kitu," akamwambia. "Trekta naipeleka kwa fundi. Kama ubovu ni wa mashine, utaonekana. Ikirudi nzima, na ukavunja kitu tena, basi unaacha kuchimba na unakuja kukaa na sisi. Chumba kipo."

"Na nyumba?"

"Nyumba tutaifunga. Mama, mimi nitalalaje huku, na wewe uko peke yako na hiyo mashine?"

Bi Oleta alifikiri, akakubali. Aliniambia baadaye aliona ni haki, maana hata yeye mwenyewe alitaka kujua.

Trekta ikaletwa kwangu. Nilipofungua bati la chini ya leva, karibu nipige mluzi. Panya walikuwa wamejenga kiota humo. Udongo wa mfinyanzi umeganda kwenye vyuma vinavyounganisha leva na valvu, pini zimeshika kutu, bushi, zile pete zinazoshika pini, zimelika mpaka matundu yake yamekuwa ya mviringo wa yai. Hapo ndipo palipokuwa na ugonjwa wote. Leva inatembea upana wa kidole kabla haijavuta chochote, halafu inavuta kwa mpigo mmoja. Mtu wa miaka ishirini angekata waya ule ule. Mkono wa mama wa watu haukuwa na kosa lolote, nami nilifurahi kulijua hilo, nikasema moyoni nitamwambia Garland.

Nikafanya kazi, na niseme ukweli, niliifanya vizuri. Nilitoa uchafu wote, nikabadilisha pini na bushi, nikapaka grisi kila panapotakiwa na pasipotakiwa. Nikamwaga oili ya zamani, nikaweka mpya na chujio jipya. Nikafuta vyuma vinavyoingia na kutoka kwenye valvu mpaka vikang'aa, nikavalisha leva mipira mipya ya kuzuia vumbi. Kisha nikawasha, nikaacha oili ipate moto kwanza, nikapanda kujaribu.

Sasa inabidi nieleze kidogo. Mkono wa kuchimbia una viungo kama wa mtu. Upo mkono wa juu, kipo kigasha, na mwishoni badala ya kiganja kipo kijiko. Leva ni mbili, kila moja inapeleka oili ya kusukuma kiungo chake. Kwenye trekta nyingi kama ile, leva ya kushoto ndiyo inayoinua na kushusha mkono wa juu, na ya kulia ndiyo inayovuta na kunyoosha kigasha. Kando ya kiti kuna picha iliyobandikwa inayoonyesha hivyo. Nilipovuta leva ya kulia, nikitegemea kigasha, mkono wa juu ukapanda. Nikajaribu ya kushoto, kigasha kikaja. Nikashuka, nikainama, nikaona paipu nne za oili zimefungwa kinyume.

Nilicheka peke yangu. Nikasema, fundi wa vichochoroni kapita hapa. Nikazifungua zile paipu nne, nikazifunga kama picha inavyosema, nusu saa kazi imekwisha. Kwenye karatasi nikaandika: *Leva zimehudumiwa na kujaribiwa. Zinafanya kazi sawasawa.* Habari za paipu sikuandika. Kwangu mimi hayakuwa mabadiliko, nilikuwa nimeondoa kosa la mtu. Tena ilikuwa Ijumaa, mgongo unawaka moto, nataka kwenda nyumbani. Garland alipokuja nilimpa ufunguo na karatasi, nikamwambia iko safi kabisa. Yale ya kwamba mama yake hana kosa yalinitoka akilini.

Wiki tatu baadaye nilikuwa napita Caney, nikaiona trekta imeegeshwa kando ya barabara, na boksi limechanwa na kuandikwa kwa wino mweusi: INAUZWA. Nikasimama. Fundi ana wivu na mashine aliyotoka kuiponya.

Bi Oleta alikuwa barazani akichagua maharagwe, sufuria mapajani. Hakuonekana mgonjwa. Alionekana amechoka, uchovu ule wa mtu anayelala na kuamka nao.

"Vern mwanangu, pita," akasema. "Kahawa ipo."

"Bi Oleta, mbona unaiuza? Nimekutengenezea juzi tu."

"Ulitengeneza vizuri. Hata haiguni tena. Pita ndani, kuna baridi."

Jikoni nilidhani wajukuu walikuwa wanacheza shule. Kila mlango wa kabati ulikuwa na kikaratasi kilichobandikwa kwa utepe wa gundi. SUKARI. VIKOMBE. DAWA YA PRESHA, MOJA TU. Juu ya jiko: ZIMA. Kwenye mlango wa nyuma: VAA VIATU. Nilikisoma hicho cha viatu mara mbili kabla sijakaa.

"Najiandaa mapema," akasema, akimimina kahawa. "Mama yangu hakujiandaa. Ilimkuta ghafla, tukapata tabu sote. Garland anakuja Jumamosi kunichukua."

"Kwani imetokea nini?"

Akanieleza, macho yakiwa kwenye kikombe. Kwa Hobert Sizemore, jirani wa chini, bomba la maji lilikuwa linavuja chini ya ardhi. Alikwenda na trekta, Hobert amesimama pale anaangalia. Tangu alipoanza kuukunjua mkono aliona mambo hayaendi. Anataka hiki, anapata kile. Alisimama, akavuta pumzi, akaanza upya. Akaenda taratibu sana, akichimba kama mtu anayejifunza, jasho linamtoka ilhali kuna baridi. Mwisho kijiko kikawa juu ya bomba lenyewe, shibiri moja tu.

"Nikataka kukisogeza mbele," akasema. "Nikagusa kidogo tu. Kikashuka. Meno yakaingia kwenye bomba, maji yakaruka mpaka barazani kwa Hobert. Hobert akasema haidhuru, Bi Oleta. Alisema mara nne. Mtu akikuambia haidhuru mara nne, ujue imedhuru."

"Uligusa leva ipi?"

Aliweka kikombe chini, akainua mikono hewani. Mkono wa kushoto ukasogea mbele, polepole.

"Hii."

"Na ulitaka kigasha kinyooke."

"Ndiyo. Miaka kumi na miwili kinanyooka hivyo. Siku ile mkono wangu ukasahau."

Nilikumbuka zile paipu nne. Nikakumbuka pia, ndipo nikakumbuka, kwamba zile mashine kubwa za machimboni leva zake zimepangwa kinyume na za trekta, na kwamba mtu aliyekaa juu yake miaka thelathini hawezi kujifunza upya uzeeni kwa ajili ya kitrekta cha nyumbani. Atachukua spana, atageuza paipu, aendelee na maisha yake. Delmar alikuwa ameifanya ile trekta imfuate mkono wake. Halafu akamwachia mkewe mkono huo.

Sitajisifu kwamba nilisema papo hapo. Kulikuwa na muda, mrefu wa kunywa kahawa nusu kikombe, nikiwaza kwamba mambo yameshapangwa. Chumba kipo, mwana anakuja, mama atatunzwa, trekta itapata mwenyewe, na hakuna mtu duniani atakayejua. Mimi nina jina hapa, karakana ina jina. Nikatazama mlango wa nyuma nisimtazame yeye, na nilichokiona ni VAA VIATU.

"Bi Oleta," nikasema, "mkono wako haukusahau. Ni mimi."

Nikamwambia yote. Nilieleza paipu, picha ya kando ya kiti, machimbo, Delmar. Nilieleza vibaya, nikirudia maneno. Hakunikatiza.

"Tangu lini?"

"Tangu ilipotoka kwangu."

"Na ule mkono kushtuka, vuli ile?"

"Bushi zilikuwa zimelika. Panya walijenga humo. Hata ningekuwa mimi ningekata ule waya."

Aliinuka, akafungua droo ambayo haikuwa na kikaratasi, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Nilijua mwandiko kabla haijakunjuka.

"Soma," akasema.

"Bi Oleta, naomba..."

"Soma, Vern. Mimi nimeshaisoma sana."

Nikasoma. *Leva zimehudumiwa na kujaribiwa. Zinafanya kazi sawasawa.* Sauti yangu haikunipendeza hata kidogo.

"Nilipotoka kwa Hobert nilikuja moja kwa moja kwenye karatasi hii," akasema. "Nikasema, fundi kajaribu, kaandika, kaweka sahihi. Kama mashine ni nzima, basi aliyeharibika ni nani? Kila nikimaliza chai naisoma tena. Nilimuuguza mama yangu miaka sita, Vern. Siku zote hizi nilikuwa yeye. Nilikuwa nakaa hapa nangoja nisahau jina langu."

Nikaenda kwenye gari kuchukua spana.

Nilizigeuza zile paipu uani, nimelala chali kwenye tope, oili ikinichuruzikia kwenye mkono wa shati, yeye amesimama juu yangu akitazama kila kiungo ninachokaza. Hakuwahi kuangalia huko chini maisha yake yote. Nilipomaliza akaniambia nikaze ile ya pili tena. Nikaikaza.

Akapanda. Aliwasha, akaiacha ingurume mpaka oili ipate moto, mikono mapajani, wala hakuwa na haraka. Kisha akashika leva. Mkono ukakunjuka kutoka mgongoni mwa trekta kwa utulivu, mkono wa juu na kigasha vikienda pamoja, kijiko kikageuka chenyewe njiani na kutua kwenye majani bila kishindo. Akakwangua ngozi ya ardhi, unene wa ubao, akaiweka pembeni. Akakwangua nyingine. Nimejaribu mashine miaka ishirini na saba na sijawahi kuchimba hivyo, hata kwa bushi mpya. Mara ya tatu kijiko kikasimama katikati.

Nikadhani kuna hitilafu. Nilipokaribia nikaona analia, bila sauti, mikono bado iko kwenye leva.

"Delmar hakuniambia kama kuna namna nyingine," akasema.

"Labda alisahau."

"Hakusahau kitu yule. Aliona hakuna haja, maana ni mimi na yeye tu." Akajifuta uso kwa kofia. "Utampigia Garland wewe. Mimi sina nguvu ya kueleza."

Nikampigia palepale jikoni, nimesimama, tope linadondoka sakafuni. Garland alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema maneno ambayo sitayaandika, na nilistahili kila moja. Mwishoni akauliza, sauti imeshuka, kama mama yupo karibu.

"Yupo," nikasema.

"Mwambie chumba nimeshakipaka rangi. Mwambie kitakuwa cha Krismasi, akija kututembelea. Na lile boksi la INAUZWA litoe wewe."

Nilipokata simu, Bi Oleta alikuwa akizunguka jikoni akibandua vikaratasi, kimoja kimoja, akivikwangua kwa ukucha pale gundi ilipogoma. Akaingia na chumba cha mbele, akatoka. Akavipanga kama karata, akaniwekea mkononi.

"Hivi vyako," akasema. "Na Hobert ana bomba linalotaka kuunganishwa. Kesho, kabla hujaenda kazini. Mwambie nimekutuma."

Nikamwambia nitakwenda. Alikuwa amechoka kuliko nilipomkuta, alishikilia kiti kwanza ndipo akakaa, akavuta sufuria ya maharagwe, akaendelea alipoachia.

Nilichana boksi, nikaingia kwenye gari, na kabla sijawasha nikavipitia vile vikaratasi. Sukari, vikombe, dawa, jiko, viatu. Cha mwisho sikuwa nimekiona ukutani. Kilikuwa kidogo kuliko vyote, kimekatwa kwa mkasi kingoni, upana wa fremu ya picha. Kiliandikwa: HUYU NI DELMAR. MUMEO.